Usiku wa ska na rege laivu: mwongozo kamili kwa anayetaka kuuandaa

Mara ya kwanza nilipoandaa usiku wa ska na rege nilifuata historia. Ska ndiyo iliyotangulia kuzaliwa, nikasema, basi itangulie jukwaani. Saa mbili na nusu usiku bendi ikaanza kwa kasi, tarumbeta mbili na tromboni zikipasua anga, mbele yao viti vitupu na mhudumu mmoja akifuta meza. Watu walianza kuingia saa nne. Kufikia hapo wapulizaji wangu midomo ilishakufa ganzi. Mmoja akaniambia, "Kaka, hapa hata mluzi siwezi." Waliokuja kwa ajili ya ska waliikosa, na mmoja wao alinidai nusu ya kiingilio. Nikampa.

Ninayoandika hapa yametokana na usiku ule na mingine iliyofuata. Nawaza baa yenye uwanja wa nyuma au ukumbi mdogo wa Dar es Salaam, watu 150 hadi 220, bendi moja na DJ mmoja. Aliyeko Mombasa, Arusha au Nairobi atabadili majina ya ofisi za vibali, mengine yanabaki yale yale.

Ujue kwanza unaandaa nini

Rege haina haja ya kutambulishwa kwetu. Kanda za Lucky Dube zimelia kwenye mabasi ya mikoani miaka na miaka, Justin Kalikawe wa Bukoba aliiimba kwa Kiswahili mpaka vijijini, na Jhikoman ameipiga kutoka Bagamoyo. Ska ndiyo ngeni. Ukibandika neno hilo kwenye tangazo, nusu ya watu watadhani umekosea herufi.

Kwa hiyo mwandaaji mwenyewe lazima aweze kuieleza kwa maneno mawili matatu. Ska ilizaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa wanamuziki waliokuwa wakipiga jazi mahotelini, wakisikiliza redio za kusini mwa Marekani usiku, na wakiwa na mento, muziki wa asili wa vijijini kwao. Jamaika ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, ska ndiyo iliyokuwa ikichezwa. Skatalites, bendi iliyoipa sura yake, waliungana mwaka 1964 na kusambaratika mwaka uliofuata. Karibu 1966 mwendo ukapungua, besi ikapata nafasi ya kuongea, wakauita rocksteady. Kufikia 1968 ukawa rege. Ukipata dakika moja ya kumweleza mteja mlangoni, mwambie ska ni babu yake rege, ila babu huyu anakimbia kuliko mjukuu.

Kuna ska nyingine pia, ile ya Coventry, Uingereza, ya mwaka 1979, Jerry Dammers na kampuni yake ya kutoa rekodi, 2 Tone, vijana weusi na weupe ndani ya bendi moja, gitaa kali na mwendo wa haraka zaidi. Amua mapema unataka ipi, maana bendi isiyoambiwa itachanganya zote mbili na kutoa kitu kama singeli yenye tarumbeta. Mimi nachagua ya Kingston kwa sababu moja tu: masikio ya watu wetu yamelelewa na dansi, na mtu aliyezoea tarumbeta za Msondo na Sikinde hahitaji kufundishwa namna ya kusikiliza tromboni ikijibizana na saksafoni.

Tarehe

Tarehe 6 Februari, kuzaliwa kwa Bob Marley, kila mtu anaitaka, na wanamuziki wazuri wameshachukuliwa tangu Desemba. Tarehe 11 Mei, siku aliyofariki mwaka 1981, inaangukia kwenye masika. Uwanja wa nyuma utakuwa bwawa. Tarehe 1 Julai ni Siku ya Rege ya Kimataifa, Dar ina upepo, mvua hakuna, na ushindani ni mdogo. Jumamosi iliyo karibu nayo ndiyo naipenda. Kama si hiyo, tafuta Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara kutoka, kati ya Juni na Septemba. Angalia Ramadhani imeangukia wapi. Angalia na ratiba ya Simba na Yanga, sitanii.

Jipe wiki nane. Kwa wiki nne utaweza, ila utalipa kila kitu kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Ukumbi

Nenda ukaukague usiku, si mchana, na uende siku yenye muziki. Simama pale jukwaa litakapokuwa, piga makofi mara moja kwa nguvu. Kama makofi yanakurudia mara mbili tatu kutoka ukutani, dramu zitafanya hivyo hivyo, na utahitaji mapazia mazito au watu wengi wa kuzimeza. Uwanja wa wazi hauna tatizo hilo, una la kwake: besi haina ukuta wa kuigonga na kurudi, inapotelea hewani. Utahitaji spika nyingi zaidi za chini kuliko ukumbi wa ndani wenye watu wale wale.

Kisha geuka uangalie majirani. Nyumba ya karibu iko umbali gani, kuna hospitali, kuna msikiti au kanisa lenye mkesha? Muziki wa besi hupenya ukuta kuliko muziki mwingine wowote, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamewahi kuzifungia baa kwa sababu ya kelele. Elekeza jukwaa upande usio na makazi. Mwenye baa atakwambia majirani wamezoea. Usimwamini. Nenda mwenyewe ukabishe hodi nyumba tatu za karibu, uwape namba yako ya simu, waambie muziki unaisha saa sita. Jirani mwenye namba yako atakupigia wewe kabla ya kupiga polisi.

Katika mazungumzo na mwenye ukumbi usikazane kupunguziwa kodi ya pango. Omba asilimia ya mauzo ya vinywaji kuanzia saa mbili hadi kufunga. Mashabiki wa rege wanakaa muda mrefu, hawatoki, na kaunta ndiyo inayojua.

Watu: anza na besi

Hapa ndipo waandaaji wengi wanapokosea. Wanaanza na mwimbaji, kwa sababu mwimbaji ndiye mwenye sura kwenye tangazo, halafu wanaokoteza wapigaji wiki ya mwisho. Rege inajengwa kutoka chini. Mtafute kwanza mpiga besi na mpiga dramu, na ikiwezekana watu wawili waliokwisha kupiga pamoja kwa muda. Wailers, bendi ya Bob Marley, walikuwa na ndugu wa damu, Aston Barrett kwenye besi na Carlton kwenye dramu, na ukiwasikiliza huwezi kusema nani anamfuata nani. Hao wawili wakikubali ndipo umtafute mtu wa gitaa la rithimu, kinanda, wapulizaji, na mwisho kabisa waimbaji. Advansi ya kwanza pia itoke kwa mpangilio huo huo. Mwimbaji akikutoroka siku mbili kabla, mwingine anapatikana. Besi ikitoroka, ahirisha.

Bendi ya watu tisa inatosha: besi, dramu, gitaa, kinanda, wapulizaji watatu, waimbaji wawili. Wapulizaji watatu ni tarumbeta, saksafoni ya tenor na tromboni. Ukiwa na wawili tu, acha tarumbeta, ubaki na tromboni na saksafoni. Watu watabisha, ila ska ya Kingston ilitembea juu ya tromboni ya Don Drummond wa Skatalites, na ile sauti yake ya huzuni ndani ya muziki wa furaha ndiyo inayomfanya msikilizaji mgeni anyanyue kichwa.

Wapulizaji utawatoa wapi? Swali hili lilinisumbua mpaka niliposoma walikotoka wa Jamaika. Drummond, Tommy McCook, Johnny Moore na Rico Rodriguez wote walipitia Alpha, shule ya watawa wa Kikatoliki mjini Kingston iliyolea watoto wa familia fukara, wakafundishwa kupuliza kwenye bendi ya shule chini ya jicho la Sista Mary Ignatius Davies. Wapulizaji wa kanisa! Na sisi tunao. Nenda usharika wowote mkubwa wa Kilutheri wenye kikundi cha tarumbeta. Nenda kwa vijana wa matarumbeta ya harusi, wale wanaopanda nyuma ya gari Jumamosi mchana wakimsindikiza bibi harusi. Uliza waliostaafu bendi ya polisi. Nenda TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe, Zanzibar. Wa harusi wana pumzi kuliko wote, maana wamezoea kupuliza juani huku gari linatembea. Tatizo lao ni Jumamosi yenyewe: wana harusi mchana. Wakubalie, ila andika kwenye mkataba kwamba saa kumi na moja jioni wawe kwako, na uwatumie gari.

Mazoezi: kufundisha pengo

Panga mazoezi manne, ya saa tatu kila moja. La kwanza ni la besi na dramu tu. Wengine wakija watakaa wasikilize, au wakanunue chipsi.

Wanamuziki wetu ni hodari, ila mikono yao imelelewa na miziki inayojaza. Mpiga dramu wa dansi akiona nafasi tupu anaitia kitu. Rege inamtaka aiache tupu, na hilo linauma kuliko kujifunza pigo gumu. Njia ninayoitumia ni hii. Mwambie aweke fimbo chini. Mhesabu pamoja kwa mdomo, moja, mbili, tatu, nne, taratibu, tena na tena. Kwenye moja hakuna mtu anayefanya kitu. Kwenye mbili mpiga gitaa anasema "che". Kwenye tatu mpiga dramu anapiga goti lake kwa kiganja. Kwenye nne gitaa tena, "che". Sasa inasikika hivi: (kimya), che, DU, che. (Kimya), che, DU, che. Fanyeni dakika tano nzima. Ataanza kucheka, kisha atachoka, kisha kama dakika ya nne utaona kichwa chake kinaanza kutikisika chenyewe kwenye ile kimya. Hapo ndipo mpe fimbo. Ngoma ya mguuni na snea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) iliyopigwa ukingoni zinaanguka pamoja kwenye tatu, matoazi yanatembea juu kwa upole. Wenyewe wanaliita pigo hilo wani-dropu, kwa sababu moja imedondoshwa.

Mpiga besi naye mwambie asipige noti nyingi. Arudie mstari mmoja wimbo mzima na akubali kwamba hilo ndilo kazi. Kijana mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mimi sina solo?" Nikamwambia wimbo wote ni solo yake.

Ska ni hesabu nyingine. Mwendo upande hadi karibu na mapigo 120 kwa dakika. Besi inatembea, noti moja kila pigo, kama mtu anayepanda na kushuka ngazi. Snea iko kwenye mbili na nne. Gitaa na kinanda vinakata kwenye "na": moja-NA-mbili-NA-tatu-NA-nne-NA. Mpiga gitaa akate kwa kulegeza vidole mara tu baada ya kugusa nyuzi, sauti ife papo hapo. Akiziacha nyuzi zilie, mwendo wote unakuwa uji.

Ukisharekebisha hayo, leta wapulizaji zoezi la tatu wakiwa na nyimbo zilizoandikwa. Wa kanisani wanasoma nota vizuri, wa harusi wengi wanashika kwa sikio, kwa hiyo warekodie kwenye simu mapema. Rocksteady nyimbo mbili tatu zinatosha, haina ugumu kwa bendi iliyokwisha kujua rege.

Hesabu za fedha

Chukua daftari. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Bendi watu tisa kwa 80,000 kila mmoja ni 720,000. Mitambo na fundi 400,000. DJ 100,000. Jenereta na mafuta 150,000. Vibali na matangazo 200,000. Walinzi 100,000, usafiri 100,000, chakula 100,000. Jumla 1,870,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, inakuwa 2,057,000. Kiingilio kikiwa 15,000 unahitaji watu 138 waliolipa ili urudishe fedha yako. Ukumbi ukiwa wa watu 220, hiyo ni kama asilimia 63. Nikiona namba hiyo imepita asilimia 65, napunguza gharama au naacha. Usipandishe kiingilio kufukuzia hesabu.

Neno "waliolipa" ndilo linalowamaliza watu. Kila mwanabendi ana shemeji, kila mlinzi ana mtu wake. Andika orodha ya waalikwa, isizidi 15, ikae mlangoni kwa karatasi, na jina lako mwenyewe likiwemo.

Mkataba na bendi uwe ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kufika, muda wa kupiga, malipo, advansi, nani analipa nauli na chakula, na nini kinatokea mvua ikinyesha. Nusu walipwe kabla, nusu usiku ule ule kabla hawajafunga vyombo.

Vibali

Anza wiki sita kabla kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakueleza kinachohitajika kwake na BASATA, baraza la sanaa la taifa. Nyimbo za watu wengine zikipigwa hadharani kuna suala la hakimiliki, hilo ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Toa taarifa polisi na serikali ya mtaa. Ada hubadilika, kwa hiyo uliza mwenyewe, na kila ulicholipa dai risiti. Nakala za vibali zikae kwenye bahasha mlangoni, si nyumbani kwako.

Na tuseme wazi jambo ambalo kila afisa atalifikiria hata asipolitamka: bangi ni kosa kisheria, na usiku wa rege unaangaliwa kwa jicho hilo kabla hujafungua mdomo. Waambie wanabendi, bandika tangazo mlangoni, na mlinzi mmoja kazi yake iwe kona ya nyuma ya choo. Mtu mmoja aliyekamatwa pale atafunga usiku wa watu 200.

Umeme na mitambo

Nitakaa hapa kidogo.

Jumlisha wati za kila kitu: amplifaya, amplifaya za jukwaani, miksa, taa, friji za baa kama ziko kwenye laini hiyo hiyo. Jenereta iwe na uwezo unaozidi jumla hiyo kwa theluthi, kwa sababu besi inapogonga inavuta umeme kwa mkupuo. Usiku mmoja jenereta niliyokodi ilikuja na mafuta nusu tangi. Mwenye nalo aliapa yanatosha mpaka asubuhi. Saa tano na dakika kumi, katikati ya wimbo, kimya na giza. Tuliendelea kwa dramu na tarumbeta tu, watu wakiimba, dakika kumi na mbili hivi, na wapo wanaosema ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Mimi nilikuwa kwenye bodaboda na dumu. Siku hizi nachungulia tangi mwenyewe kwa tochi, na dumu la akiba lipo.

Taa ziwe laini yake na sauti laini yake, la sivyo spika zitanguruma kila taa ikibadilika. Waya wa ardhi uhakikishwe na fundi umeme kwa kipimo. Mwimbaji mwenye jasho akishika gitaa na midomo ikagusa maiki kwenye jukwaa lisilo na ardhi anapigwa shoti, na hilo si jambo la kufanyia majaribio.

Spika za besi ziweke chini sakafuni, zote pamoja katikati mbele ya jukwaa, usizigawe kulia na kushoto. Zikikaa pamoja zinasaidiana. Zikigawanywa zinapingana baadhi ya sehemu, na mtu aliyesimama vibaya hasikii besi kabisa huku jirani yake kifua kinatetemeka. Kama kuna ukuta imara nyuma, zisogeze karibu nao. Uzi mzito wa gitaa la besi uko kwenye hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, kwa hiyo muulize mwenye mitambo spika zake zinashuka hadi hezi ngapi. Asiyejua, tafuta mwingine.

Fundi mitambo mchukulie kama mwanabendi wa kumi. Katika muziki huu yeye anapiga chombo: King Tubby, aliyeanzisha dab (rege iliyovuliwa sauti nyingi ikabaki besi, dramu na mwangwi) kule Kingston mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa fundi wa redio na amplifaya. Mlete kwenye zoezi la mwisho. Afanye haya: akate sauti za chini kwenye maiki zote za waimbaji na wapulizaji, kuanzia hezi 100 kushuka, ili huko chini ibaki nyumba ya besi na ngoma ya mguuni. Gitaa la rithimu lipunguzwe chini na kuachwa kali juu, liwe kama kisu. Kinanda kisipandishwe juu ya gitaa. Na awe na mwangwi kwenye miksa, uliopangwa kwa mwendo wa wimbo: agawe 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa rege ukihesabika mapigo 150 kwa ile hesabu ya che na DU (kwa hesabu ya ska ingekuwa 75), pigo moja ni milisekunde 400. Mwangwi wa 400 au 600 utaangukia mahali pake. Wa kubahatisha utagombana na dramu.

Siku yenyewe

Usiku huu unashinda au unashindwa kabla jua halijazama. Saa nane mchana kirikuu iwe imeshusha vyombo. Saa tisa umeme na spika. Saa kumi dramu na besi peke yao, dakika arobaini, hakuna mwingine kugusa maiki. Piga mstari mmoja wa besi, tembea uwanja wote hadi chooni na hadi getini, usikilize. Saa kumi na moja gitaa na kinanda. Wapulizaji wakifika toka harusini, wape maji na nusu saa ya kukaa kabla ya kuwapandisha. Waimbaji mwisho. Saa kumi na mbili na nusu bendi nzima ipige nyimbo tatu, wa rege, wa ska na ule mgumu kuliko zote, kisha fundi apige picha ya miksa kwa simu ili mtu akigusa kitu arudishe.

Saa moja watu wapate chakula. Wali na maharage, kuku kama fedha ipo, maji mengi. Wapulizaji wasipewe karanga wala bisi karibu na kupanda, vipande hubaki mdomoni na kuingia kwenye chombo.

Saa moja na nusu mlango uko wazi, DJ anaanza na rocksteady za taratibu. Saa tatu bendi inapanda na rege ya mwendo wa kati, dakika 35, nyimbo wanazozijua. Inashuka, DJ anarudi. Saa nne kamili, watu wamekula, wamekunywa kimoja kiwili, wamejaa, sasa ska, dakika 20 bila kusimama, bila hotuba. Ndipo utaona. Wale wa mbele wanaganda sekunde kumi wakijiuliza miguu iende wapi, halafu dada mmoja anaanza kurusha magoti na kukata mikono, na nusu ya uwanja unamwiga. Baada yake rocksteady mbili kupoza, kisha rege hadi saa tano na dakika ishirini, wapulizaji wakitia vipande vifupi tu. Robo saa ya dab, besi na dramu na fundi mitambo, wapulizaji wakiwa wamekaa wanapumzisha midomo. Saa tano na dakika 35 ska ya pili, robo saa, kasi yote iliyobaki. Na wimbo mmoja wa mwisho wa taratibu, ili watu wasitoke getini wakiwa bado wanarukaruka.

Kwa hesabu hiyo wapulizaji wamepuliza ska dakika 35 usiku mzima. Midomo inaweza.

Mlangoni weka watu wawili, mmoja anapokea fedha na mwingine anagonga muhuri mkononi, na kila saa moja uchukue fedha uzihesabu mbele yao. Malipo ya simu yaingie namba moja tu, iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Kufikia saa nne na nusu utakuwa unajua kama unadaiwa au la. Vyovyote iwavyo usimwambie mtu yeyote wa bendi mpaka washuke.

Saa sita na kuendelea

Muziki uzime saa uliyoahidi. Walipe wanabendi kwa mpangilio ule ule, besi na dramu kwanza, kila mmoja mkononi mwake na asaini, usimpe kiongozi mmoja bahasha ya wote. Hesabu nyaya, stendi na maiki pamoja na fundi kabla kirikuu haijaondoka, maana adapta ndogo ya shilingi elfu chache ndiyo inayopotea na ndiyo itakayokukwamisha safari ijayo. Vijana wa matarumbeta wape nauli ya bajaji mpaka mlangoni kwao. Jumapili asubuhi wana ibada ya kwanza, na watapuliza tena.